Mkeka wa Kuombea Kazi

Fuatino aliolewa kijijini kwetu zamani, na mpaka leo wapo wanaomwita mgeni, ingawa amewazalia watoto watatu na hakuna shughuli ya kanisa ambayo hakupika. Kwetu Savai'i, kisiwa cha Samoa, mke aliyetoka kijiji kingine hukaa nyuma ya nyumba ya mumewe. Anapika, anapakua, ananyamaza. Mimi ni jirani yao, Fuatino huniita shangazi, nina duka la mkate na samaki wa kopo, na mdomo wangu haukuolewa na mtu, kwa hiyo nitasema nilichokiona.

Mwaka ule jina la Iakopo, mumewe, lilitoka kwenye bahati nasibu ya kuhamia New Zealand. Jina likitoka, huku watu hushangilia kama mtu kashapanda ndege. Kumbe bado kabisa. Unapewa miezi michache umtafute mwajiri wa kule akuahidi kazi kwa maandishi, tena mshahara wake ufike kiwango walichokipanga wao, cha kuwalisha wewe na wanao. Usipofikisha, nafasi yako imekufa. Mshahara wa Iakopo peke yake haukufika. Mke na mume wanaruhusiwa kuunganisha, basi zikatakiwa kazi mbili, na zote zitafutwe kutoka kisiwani, kwa simu, kwa vocha ya mkopo wa dukani kwangu.

Fuatino alipiga simu kila mahali. Nyumba za kutunza wazee, viwanda vya mikate, madobi. "Njoo kwanza tukuone," walimjibu. Nayo serikali inasema pata kazi kwanza ndipo uje. Sasa mtu ashike lipi? Akampigia binamu yake Lotomau, aliyeko Auckland miaka mingi.

"Lotomau, niombee kwa bosi wako, nakusihi."

"Bosi gani, Fua? Mimi bosi nikimwona najificha chooni, na choo chenyewe nakiosha mimi!"

Fuatino alicheka sana. Alipokata simu akaenda nyuma ya duka kulia. Sikumfuata.

Mlango ukabaki mmoja, Bwana Gordon, mwenye shamba la matunda huko New Zealand. Iakopo alikuwa amekwenda mara mbili kumchumia matofaa, msimu mzima kila mara, mke huku na watoto, yeye kule akilala bwenini na wanaume wenzake. Bwana Gordon alimpenda. Akasema anakuja Samoa kuchagua wachumaji, atafika mpaka kijijini, amwone na Fuatino, na wote wawili atawapa barua za kazi ya mwaka mzima kwenye nyumba yake ya kufungasha matunda. Ila barua zinatiwa saini na mwanamke wa ofisini kwao, Bi Noreen, na watakuja pamoja.

Habari hizo zilipomfikia mzee Sagalelei, baba mkubwa wa Iakopo na mkuu wa ukoo wao, nyumba iligeuka kambi. Nguruwe alichinjwa. Tulichambua majani ya magimbi na kukuna nazi mpaka vidole vikawaka. Mzee akafungua sanduku akatoa mkeka mkubwa wa ukoo, ule mwembamba unaokunjika kama kitambaa, wenye manyoya mekundu pembeni. Ulisukwa na mama yake, ukamchukua miaka. Mkeka wa namna ile hautolewi hovyo. Unatolewa msibani, harusini, na siku unapoweka maisha yako mikononi mwa mtu.

Wageni walifika, wakakaa, wakala. Mgeni njoo mwenyeji apone, nikasema moyoni, nikimtazama Bi Noreen anavyokula magimbi kwa adabu. Hakuwa mwanamke mbaya. Alimwuliza Fuatino maswali yake moja moja, naye Fuatino akajibu kwa Kiingereza alichojifunza kwenye redio, bila kutetemeka. Anaweza kazi ya zamu? Anaweza. Watoto atawaacha na nani akiwa kazini? Zamu yake na ya mumewe zitapishana. Bi Noreen akatikisa kichwa kukubali, akatoa barua mbili, akaziweka mbele yake, akaanza kutafuta kalamu mkobani.

Hapo mzee Sagalelei akakohoa.

Wanawake wa ukoo waliingia wameutandaza ule mkeka hewani, sisi tukapaza sauti za kuushukuru kama ilivyo desturi, ukashushwa miguuni pa Bi Noreen. Mkono wake ulisimama ndani ya mkoba.

"Hiki ni nini?" alimwuliza Iakopo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkalimani.

"Ni zawadi, mama."

"Ya nini?"

Iakopo akamgeukia mzee. Mzee akajiweka sawa, sauti ikatoka kifuani: "Mwambie hizi ni roho zetu. Tunamwomba kazi ya watoto hawa, na mkono mtupu haulambwi."

Jamani Iakopo, kwa nini hukusema ni ya kumbukumbu tu? Lakini Iakopo amelelewa vizuri mno. Neno la mkuu wa ukoo halipunguzwi wala halipambwi. Alilitafsiri lote, na la mkono mtupu akalifafanua.

Bi Noreen alizichukua zile barua akazirudisha mkobani. "Gordon," akasema, "hii ni hongo."

"Ah, Noreen, hiyo ni mila yao."

"Mila yao, saini yangu." Halafu akamgeukia Iakopo, na nasema kweli, alisema kwa upole. "Sikiliza. Mkiuondoa sasa hivi, mimi sikuuona. Tuendelee na barua."

"Anasemaje?" aliuliza mzee.

Iakopo aliutazama mkeka, akamtazama mzee. Mkeka uliokwisha kutolewa haurudishwi. Kuuchukua tena mbele ya mgeni ni kumwambia hufai kupewa kitu, na ni kumvua nguo mzee mbele ya wakuu wenzake wa koo nyingine, waliokaa kila mmoja kwenye nguzo yake ya nyumba. Asingeinua uso tena katika baraza la kijiji, na ukoo mzima ungemfuata chini.

"Anasema," Iakopo akajibu, "mkeka ni mzuri sana."

Mzee akatabasamu. Wakuu wakapiga makofi. Watu pekee tuliokijua kile Kiingereza upande wetu tulikuwa mimi, Iakopo na Fuatino.

Fuatino akasimama. Pale wakuu wameketi, mke wa kuolewa hasimami, lakini alisimama, akaanza kuufuata mkeka auondoe.

"Fuatino," alisema mumewe. "Kaa."

"Watoto, Iakopo."

"Kaa chini, mke wangu. Nakuomba." Sauti ilikuwa ya mtoto aliyepotea sokoni.

Akakaa. Nilimchukia Iakopo pale pale, na pale pale nikamwonea huruma. Ningekuwa yeye sijui ningefanya nini, na anayesema anajua ni mwongo.

Wageni wakaaga. Bi Noreen aliuzunguka mkeka kwa uangalifu asiukanyage. Mzee alidhani wamesahau, akawapelekea mpaka kwenye gari, na Bwana Gordon, uso mwekundu, akapandisha kioo. Kesho yake mzee akaelezwa. "Watu gani hawa," akasema, "unampa heshima yako, anakuambia unamhonga?" Tangu siku hiyo baraza halimwoni sana.

Tulihangaika tena, simu juu ya simu. Hakuna aliyekubali. Miezi waliyopewa ikaisha na nafasi ikafa. Baadaye Bwana Gordon alipiga mwenyewe, ana aibu, akasema kwa msimu wa matofaa anaweza kumchukua Iakopo kama zamani. Peke yake. Wangekataa wale nini?

Niliwasindikiza mpaka bandarini Salelologa, Iakopo apande meli ya kwenda kisiwa cha pili, kwenye uwanja wa ndege. Mtoto mdogo alikuwa amelala begani kwa mama yake. Iakopo alimgusa kichwa asimwamshe.

"Mwakani tutacheza tena bahati nasibu," alisema.

"Tutacheza," akajibu mkewe. "Vaa sweta kule."

Meli iling'oa nanga. Nilimwambia Fuatino twende, basi litatuacha. Hakusogea. Alikuwa akiitazama meli, na aliponijibu hakunigeukia.

"Shangazi," alisema, "mimi nilikuwa nimeshasimama."