Kazi Bila Mkono wa Mtu

Chadia Ayoubu hakuiamini konkuru ile, mtihani wa kuandikishwa kazi, hata chembe. Kwa miaka mingi alikuwa akitumika katika biro ya kilimo, ofisi moja pale Kasongo, akizungukia mashamba ya mpunga na kuwafundisha akina mama kuchagua mbegu ya mihogo isiyo na ugonjwa, na bado hakuwa na matrikule, ile namba inayomfanya mtu awe mfanyakazi wa Leta, yaani serikali, kweli na kulipwa mshahara. Aliishi kwa karanga alizolima mwenyewe kandokando ya barabara ya Nyangwe. Kila mwaka mkuu wake, Shefu Clovis, alimwambia jina lake limekwisha kupelekwa Kindu, makao makuu ya jimbo. Na kila mwaka waliingia wengine: shemeji wa fulani, binti wa fulani.

Kwa hiyo redio ilipotangaza kwamba sasa Leta itachukua watu kwa mtihani, kila mmoja na tableti yake, na mashine ndiyo itakayosahihisha bila kuona jina la mtu, Chadia alicheka peke yake jikoni. Mashine inatoka wapi? Nani ameibeba? Na huyo aliyeibeba hana ndugu?

Hata hivyo alijiandikisha. Akikaa nje, aliwaza, atawarahisishia kazi hao wenye ndugu tu.

Katika biro hiyohiyo alikuwamo kijana Élysée, mtoto wa dada yake Shefu Clovis, naye hakuwa na matrikule. Akaanza kuja kwa Chadia kila alasiri.

"Dada Chadia, tusome pamoja. Wewe unajua mambo ya mashamba kunipita."

Chadia akamtazama vizuri. Mtu aliyeshikiwa nafasi na mjomba wake anasoma kwa nini? Labda ametumwa kuja kupima nguvu zake. Hakumfukuza. Alimfundisha habari za udongo, mbolea na mbegu, lakini walipofika kwenye magonjwa ya mpunga akasema, "Hii haitaulizwa, turuke." Élysée akaruka.

Siku ya mtihani waliingizwa katika chumba kikubwa cha shule. Msimamizi alikuwa mwanamke kijana kutoka Kindu, jina lake Plamedi, mwenye sauti ya upole. Kila mtu aliweka kidole gumba juu ya kioo kidogo, kisha mashine yenyewe ikamwonyesha mahali pa kukaa. Katikati ya kazi Chadia alimwona Plamedi akimwinamia mwanamume mmoja na kugusagusa tableti yake. Basi, akajisemea, ndiyo hiyo. Kumbe tableti ya yule bwana ilikuwa imezimika, nayo ikabadilishwa mbele ya wote. Chadia aliliona hilo kwa macho yake, na bado moyo haukutulia. Swali la magonjwa ya mpunga lilikuja. Akalijibu.

Majibu yalipofika kwenye simu yake, yalisema amepita na amepangiwa kazi huko Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu. Hakumwambia mtu. Alingoja ujumbe wa pili, ule wa kumwomba kitu kidogo kabla ya kupewa kazi. Haukuja. Alikwenda hadi biro ya teritware, ofisi ya wilaya, akauliza, wakamthibitishia, akarudi nyumbani akiwa na wasiwasi zaidi kuliko alivyotoka.

Habari ilifika Wamaza, kijijini kwao, kabla yeye mwenyewe hajaipeleka. Baba yake, Mzee Ayoubu, akapanda pikipiki na mbuzi amefungwa nyuma, akapita matope yote yale, na alipofika Kasongo hakwenda kwa binti yake. Alikwenda moja kwa moja kwa Shefu Clovis.

Jirani ndiye aliyemtonya Chadia. Alipofika kwa shefu, mbuzi alikuwa tayari amefungwa karibu na jiko, na baba yake ameketishwa kwenye kiti kizuri.

"Mutoto yako nilimupigania sana, mzee," Shefu Clovis alikuwa akisema. "Kule Kindu, kama hauna mutu, jina inalala."

"Aksanti, shefu. Mungu akuongezee."

Chadia alisimama pale mlangoni pa ua. Kilichomshika kwanza hakikuwa hasira, bali hofu. Je, kama ni kweli? Kama mashine ilikuwa ya kuonyesha watu tu, na mkono wa shefu huyu ndio uliomwingiza? Ndipo alipomwona Élysée ameinama kando ya ukuta, anatengeneza mnyororo wa baiskeli. Élysée hakupita ule mtihani.

"Shefu," Chadia akasema, "kama mukono yenu inafika mpaka Kindu, Élysée amekosa nini? Si mutoto ya dada yenu?"

Shefu Clovis aligeuka akamtazama mbuzi.

"Chadia!" baba yake akang'aka. "Mutu mukubwa hasemewi vile!"

"Muache, mzee." Sauti ya shefu ilikuwa imeshuka. "Fungua mbuzi yako, uende naye."

Walipotoka, Élysée aliwafuata hadi njiani, mikono imejaa mafuta ya mnyororo.

"Dada, magonjwa ya mpunga waliuliza. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Élysée aliitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyepewa jibu alilolitazamia, akarudi ndani. Chadia alitaka kumwita. Badala yake akashika kamba ya mbuzi.

Baba na binti wakaendelea, mbuzi katikati yao.

"Sasa umepata adui," mzee akasema.

"Hakunisaidia, baba."

"Nimesikia. Basi ni nani?"

"Hakuna mutu. Nilifanya mtihani, nikapita."

Mzee Ayoubu akasimama. Alimtazama binti yake kwa huruma, kama anavyotazamwa mgonjwa asiyetaka kutaja panapouma.

"Niambie miye tu, mwanangu. Hata mama yako sitamwambia."

Sasa Chadia yuko Salamabila, anazunguka kwa pikipiki akitafuta vijana walioacha mashimo ya dhahabu wakarudi shambani, ili awafundishe kulima. Shefu Clovis alichelewesha karatasi yake ya kumruhusu kuhama Kasongo, kisha akaisaini bila kumwangalia usoni. Na huko Wamaza, baada ya sala ya Ijumaa, Mzee Ayoubu huwaambia wenzake kwamba binti yake ana mtu mkubwa sana Kinshasa, mkubwa kupita wote, ila hataki kumtaja jina. Chadia akienda kuwasalimu, wazee humpisha kiti. Akikanusha, wanacheka kwa heshima na kubadilisha mazungumzo.