Vigelegele Alivyopigiwa Mama Juu ya Mzani

Siku mama yangu alipopanda mzani ukumbini mwa kanisa, watu walidhani mzani umeharibika.

Kapungua kilo tisa! Mwezi mmoja tu, jamani.

"Hii mashine inaongopa," akasema bwana afya, akaupiga teke. Akampandisha mchungaji ili aujaribu. Mchungaji hakupungua hata kidogo, tena kaongezeka! Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Hapo ndipo vigelegele vilipopigwa. Mwenzenu nilipiga mpaka sauti ikakauka.

Hapa Tonga serikali ilishachoka kutuzika kwa kisukari. Ikapandisha kodi ya mbavu za kondoo zilizojaa mafuta, tukanunua hivyo hivyo. Ndipo wilayani kwetu wakaleta mashindano: kanisa ambalo wanawake wake watapungua zaidi linapewa tangi la maji.

Shangazi Fusi, dada yake baba, hakutaka kusikia. Sukari ilishamla vidole viwili vya mguu, na bado alishinda kitandani akila.

"Mimi nizurure barabarani kama mbuzi aliyekata kamba? Thubutu!"

Kwetu shangazi akisema, hata baba anainamisha kichwa. Nani angembishia?

Lakini yeye na mama ni mawifi, na mambo ya mawifi mnayajua. Mama kushangiliwa peke yake? Iliuma.

Kesho yake alfajiri huyo mlangoni, kavaa raba za mwanawe.

"Lupe! Toka! Unadhani utanishinda wewe?"

"Nakuja wifi, usibomoe mlango!"

Wakatoka. Shangazi akitoka, nani abaki ndani? Siku chache tu wanawake wa kijiji kizima walikuwa barabarani, wanatembea na kutaniana. Mama alikuwa katikati, anatembea pole pole, anacheka.

Karamu ya Jumapili mama hakugusa nyama. "Mwoneni Lupe, ana moyo wa chuma!" wakamsifu.

Baadaye nikamkuta bandani, anammwagia nguruwe sahani yake yote.

"Mama, hata tonge moja?"

"Nimeshiba, Vika. Mwache naye afaidi."

Nguruwe akanenepa, mama akazidi kukonda. Nami nikampunguzia magauni yake, najitapa kwa watu kwamba mama yangu amerudi usichana.

Kisha akaanguka barabarani.

Hospitali daktari akanishangaa. "Kwani hakuwaambia? Ni saratani ya tumbo. Ilishasambaa kabla hata ya hayo mashindano yenu, na alijua."

Nililia kwa hasira. "Mama! Ukatuacha tukupigie vigelegele?"

Akanishika mkono. Mkono wenyewe ulikuwa mifupa mitupu.

"Mwanangu, mimi nilikuwa wa kuondoka tu. Wifi yangu je? Daktari kamsema, mchungaji kamsema, hakuinuka. Wivu ndio umemwinua. Ningesema naumwa, angerudi kulala. Usimwambie mpaka mnizike."

Nikanyamaza. Nyie, kunyamaza kule kulinitesa.

Mazishini yule nguruwe akachinjwa. Fungu nono nikampelekea shangazi, kama heshima inavyotaka, nikamwambia kila kitu.

Akakaa chini, kiunoni kajifunga mkeka, vazi letu la msiba.

"Ningejua," akasema, "nisingetoka hata siku moja."

Nyama hakuigusa. Alilia mpaka baba akaja kumshika.

Tangi tulilipata. Watu wanachota maji pale kila siku, mimi sijawahi kuyanywa.

Ndugu zangu, mzani unajua uzito tu, haujui maumivu. Ukimwona mtu kakonda ghafla, vigelegele viweke kando kwanza. Muulize kama anakula, kama analala. Mimi mwanawe wa kumzaa sikumuuliza.

Alfajiri baada ya mazishi nilisikia raba zinaburuzwa uani. Shangazi alikuja mpaka mlangoni, akagonga kama alivyozoea.

"Lupe! Toka!"

Kisha akakumbuka.

Nikavaa viatu vya mama, nikatoka mimi.