Nguzo Moja Kisiwani Samos

Jumanne asubuhi, ndani ya treni ya buluu itokayo kitongoji cha Husby, huku ughaibuni, mbele yangu walikaa wanawake wawili niliozoea kuwaona, wanaofanya kazi ya kutunza wazee. Mmoja, Mkenya, alikuwa akimsomea mwenzake Mkongomani kutoka kwenye simu mahali pa kutembelea likizoni katika kisiwa cha Samos, Ugiriki.

"Kuna handaki la maji la kale. Kuna hekalu, limebaki nguzo moja tu. Twende pamoja, dada."

Mkongomani alifungua vifungo vya koti lake, akavifunga, akavifungua tena.

"Samos ninaijua," akasema. "Nilikaa kule miezi kumi na mine, mu hema."

"Kumbe! Na hekalu hukuliona?"

"Niliona foleni ya chakula ya wakimbizi."

Mkenya aliizima simu. "Pole sana, dada. Tutatafuta kisiwa kingine."

Mwenzake alisimama kama anayeshuka, ingawa kituo chao kilikuwa mbali, kisha akakaa. Tulipopita kituo cha Hallonbergen akasema, "Hapana. Washa simu. Hiyo nguzo ni mbali na mji?"

"Si mbali, kuna basi."

"Basi tuende. Mara ya kwanza nilifika usiku, mu boti ya mpira, nikilia. Sasa nataka kufika muchana, na pasipoti, watu waniulize kama nimesafiri vizuri."

Wakaanza kubishana kuhusu tarehe. Mimi, ambaye wiki nzima nimekuwa nikinung'unika kwamba hoteli niliyoipata Ugiriki haitazami bahari, niligeuza uso dirishani.