Baruti ya Shemeji Royce

Kopo la mate la Royce Bakken lilikuwa kopo la maharagwe lililobanduliwa karatasi, na lilikaa pale pale mezani kando ya mizani ya baruti, kama kwamba nalo ni chombo cha kazi. Kila baada ya maneno machache Royce aliinama, akatema ugoro humo, akafuta kidevu kwa kiganja, kisha kwa kiganja kile kile akashika ganda la risasi. Arlys alilitazama lile kopo mara moja tu. Baada ya hapo aliyalazimisha macho yake yakae ukutani, kwenye kalenda ya duka la matrekta, maana asubuhi ile alikuwa na kahawa tupu tumboni na hakutaka kuiacha kwenye sakafu ya gereji ya shemeji yake.

Alikuja kuuliza achague vyombo gani vya kujazia risasi. Mumewe, Delmar, alikufa Januari, na kwa ndoa yao yote Arlys hakuwahi kupiga risasi ambayo Delmar hakuijaza kwa mkono wake. Hapa Sandquist, kaskazini mwa Montana, mtu mwenye heshima zake hanunui risasi dukani. Huokota maganda yaliyokwisha kupigwa, akayasafisha, akayarudishia umbo, akaweka fataki mpya ya kuwashia, baruti mpya na kichwa kipya, tena jioni za baridi, kwa raha zake, kama wengine wanavyofuma soksi. Arlys alikuwa akichambua maganda mezani jikoni huku Delmar akijaza kule chini, karibu na mashine ya kufulia. Sasa alitaka kujaza mwenyewe, na Royce ndiye aliyejitangaza fundi wa ukoo.

Fundi gani huyo! Arlys ni mpishi wa shule yetu, mtu wa wavu kichwani na maji ya moto, amewapikia watoto ambao leo wanaleta watoto wao. Akikuta nywele kwenye sufuria, sufuria nzima humwagwa. Mtu wa namna hiyo umkalishe kwenye gereji yenye mbwa amelala juu ya gunia la maganda, mkate wenye soseji ya kulungu umewekwa juu ya vichwa vya risasi vya plumbamu, madini yenye sumu, mwenye mkate anaumega bila kunawa na kuendelea kuzungumza mdomo umejaa. Alisikia kinyaa, wala hakujisumbua kukificha.

Kilichomkera zaidi kilikuwa kwenye ukingo wa meza. Palikuwa na mashine ya Delmar, ile ya chuma ya mkono, inayokandamiza ganda moja moja. Royce aliiazima kabla vyakula vya msibani havijaisha kwenye friji. Delmar alikuwa akiipaka mafuta kila msimu. Sasa ilikuwa na kutu, na ubavuni palikuwa na michirizi ya kahawia iliyokauka, na Arlys hakuhitaji kuuliza ile michirizi ilitoka kinywani mwa nani.

“Hiyo achana nayo, shemeji,” Royce alisema alipomwona anaikodolea macho. “Ya kizee hiyo. Unavuta mara nne upate risasi moja. Nunua kama hii yangu, inazunguka. Kila ukivuta mkono, risasi hiyo imedondoka.”

“Na mimi nakimbilia wapi, Royce?”

“Utajaza debe zima kabla viazi havijaiva.”

“Viazi vyangu vinajua kungoja,” Arlys alisema.

Royce alicheka, akatema. Akaanza kumsomea masomo: mizani ya betri na si ile ya mkono wa shaba, kikombe cha kumiminia badala ya kupima punje kwa punje, na kadhalika, kila kitu cha upesi, kila kitu cha kumwezesha mtu kufikiri mahali pengine mikono ikifanya kazi. Kisha, huku akizungumza, akachomoa chupa ya juu ya mashine iliyokuwa na baruti iliyobaki, akaimimina baruti hiyo kwenye kopo mojawapo. Mezani palikuwa na makopo mawili ya baruti, yote wazi. Hakutazama ni lipi.

Nyumbani kwa Delmar kulikuwa na amri moja iliyopita zote. Mezani hukaa kopo moja la baruti, si mawili. Ukimaliza, unarudisha iliyobaki kwenye kopo lake, unalifunga, unalirudisha kabatini, ndipo unagusa jingine. Maana baruti zote nyeusi, na ipo ya bastola inayowaka kwa pupa na ipo ya bunduki inayowaka kwa subira, na ukizichanganya bunduki haikuulizi ulikusudia nini, inapasuka usoni. Mtoto wa Sandquist anaijua amri hiyo kabla ya kujua kufunga viatu.

“Umemimina wapi hiyo?” Arlys aliuliza.

Royce aliyatazama makopo, akakuna shingo. “Baruti ni baruti, shemeji. Yote inawaka.” Na papo hapo akafungua droo, akatoa boksi la risasi, akamsukumia. Zawadi kwa Karna, alisema, ya ufunguzi wa msimu. Boksi lilinata. Arlys alilishika kwa ncha za vidole kama anayeshika panya kwa mkia, akalipeleka kwenye pikapu.

Karna ndiye mtoto wake wa pekee, na huko ndiko kulikomuuma. Jumamosi msimu wa kulungu ungefunguliwa, na Karna alikuwa akija kutoka Billings kuwinda na bunduki ya baba yake kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Risasi za kuwindia Arlys alikwisha kumwekea: boksi la mwisho la Delmar, lililokaa kwenye droo ya kitanda chake tangu msiba, ambalo hakuwahi kupiga hata risasi yake moja. Kila boksi la Delmar lilibandikwa kikaratasi, baruti gani na mwezi gani. Hilo la mwisho halikuwa nacho. Mikono ilikuwa ikimtetemeka sana mwaka wake wa mwisho, hata kijiko kilimshinda, na Arlys alidhani kalamu nayo ilimshinda. Alilipenda zaidi kwa ajili hiyo.

Kwa hiyo boksi la Royce lilikuwa la kutupwa tu, lakini Arlys hakutaka kulitupa bila ushahidi. Alimjua shemeji yake. Angemwambia Karna kwamba mama yako ana kiburi, na Karna, ambaye tangu utoto humcheka na kumpenda ba'mdogo wake, angechukua risasi mbili tatu mfukoni ili asimvunje moyo. Mtoto wa watu huuawa kwa adabu zake namna hiyo.

Kesho yake, baada ya vyombo vya shule kuoshwa, alikwenda dukani kwa mzee Ostby, muuza vifaa vya kuwindia. Mzee akamtandazia mezani mashine za aina zote, akaanza kumsifia ile inayozunguka, yenye rangi ya kupendeza. Arlys aligusa ile ya chuma ya mkono, dada wa ile ya Delmar, akavuta mkono wake juu na chini, akasikia uzito wake unavyokaa. Hiyo, alisema, niwekee; mizani ya mkono wa shaba ninayo ya Delmar. Nitaichukua baada ya msimu. Leo nataka nyundo ya kuvunjia.

Nyundo hiyo ni ya plastiki, kichwa chake kina tumbo tupu. Unatia risasi humo, unagonga juu ya gogo, na risasi inaachana: kichwa na baruti vinabaki tumboni mwa nyundo, ganda unalitoa.

“Watu huanza kujenga ndipo wabomoe,” mzee Ostby alisema akicheka. “Wewe unaanza kubomoa cha nani?”

“Cha Royce.”

Mzee aliacha kucheka. Alimfungia nyundo kwenye karatasi.

Ijumaa shule ilifungwa mapema, kama kawaida yetu siku ya kuamkia ufunguzi. Arlys aliweka gogo jikoni, akatandika sahani nyeupe, akaanza kugonga. Risasi ya kwanza ya Royce ilimwaga vijiti vifupi vyeusi, vyote vya namna moja, na Arlys akaanza kujiona mchawi kwa kumdhania shemeji yake mabaya. Ya pili ilimwaga vijiti, na katikati ya vijiti vipira vidogo vinavyong'aa, baruti ya bastola, kama mbegu za haradali zilizoingia kwenye majani ya chai. Ya tatu ilikuwa vipira karibu nusu. Katika ile ya nne mlikuwa na kitu cha kahawia kimeganda na baruti, na alipokiinamia akasikia harufu ya ugoro. Aliweka sahani chini, akaenda kunawa mikono mpaka ikawa myekundu. Kisha alimpigia Royce simu, akamwambia aje.

Royce alikuja na kofia kichwani na shavu limevimba ugoro. Aliiinamia ile sahani. Jikoni kwa Arlys hapakuwa na kopo la kutemea, na Arlys hakumpa.

“Zingepiga tu,” alisema.

“Zingepiga usoni mwa Karna.”

“Zimepita ngapi mikononi mwangu, Arlys? Nani amekufa?”

“Unachukiza,” Arlys alimwambia, taratibu kabisa, kama anayetaja hali ya hewa. “Sisemi umekosea. Nasema unachukiza. Umemtengenezea mtoto wa kaka yako mauti, ukayatemea mate, ukayaita zawadi.”

Royce alikuwa mwekundu hadi masikioni. Mwanamume wa kwetu hutukanwa baa, akacheka. Kwa shemeji yake, juu ya baruti, hana pa kushika. Akashika lililokuwa karibu.

“Haya, mimi mchafu. Na lile boksi unalolala nalo kama kitabu cha nyimbo za kanisani? Unadhani alilijaza nani? Mtu asiyeweza kushika kijiko angeshika fataki?” Kisha akalimalizia. “Ni langu lile. Aliniomba nisikwambie. Alitaka udhani bado anaweza.”

Arlys hakuketi. Alikwenda chumbani, akavuta droo, akarudi na boksi, akaliweka kando ya gogo. Alitoa risasi ya kwanza, akaitia kwenye nyundo.

“Usizivunje,” Royce alisema. Sauti ilikuwa nyingine. “Arlys, hizo usizivunje. Hizo ni nzuri.”

“Na hizi ulisema nini?”

Akagonga. Vijiti vyeusi vilimwagika kwenye sahani safi, vikavu, vya namna moja. Akaleta mizani ya Delmar kutoka kule chini, akapima. Akagonga ya pili, akapima, ya tatu. Mkono wa shaba ulisimama pale pale. Angeweza kuacha hapo, na pengine wewe ungeacha. Lakini katika boksi la kwanza pia ile ya kwanza ilikuwa safi. Aligonga mpaka boksi likawa tupu, na hapakuwa na kipira hata kimoja, wala uchafu, wala punje iliyozidi. Delmar mwenyewe asingezijaza vizuri zaidi.

Akaweka nyundo chini. Alikuwa amezivunja zote, na zote zilikuwa nzima.

“Kumbe unajua,” alisema.

Royce alitazama sakafu. “Alikaa kwenye kiti pembeni yangu. Kopo moja mezani, akasema. Alinikatalia hata ugoro. Siku nzima nilikaa mdomo mkavu.”

“Kumbe unajua,” Arlys alirudia, na safari hii kinyaa kilimpanda kuliko kile cha kopo la mate, kuliko kile cha harufu kwenye sahani. Asiyejua husamehewa, hufundishwa. Huyu alijua. Alikuwa na mikono hiyo hiyo yenye uwezo wa kufanya kazi safi kama hii, na aliitoa siku ambayo kaka yake alimkazia macho, kisha kaka alipozikwa akairudisha mfukoni. Waliobaki hai, kwake, hawakustahili hata kufungiwa kopo la baruti. Arlys alimwambia hayo yote, kwa maneno machache kuliko haya, akamwambia pia mashine ya Delmar abaki nayo, kwa kuwa hakuna maji ya moto yanayoweza kuisafisha. Royce alimeza. Hakuwa na pa kutema, akameza ule ugoro wote, koo likapanda na kushuka mbele ya shemeji yake, akatoka.

Karna alifika jua likiwa bado juu ya maghala ya ngano, amevaa koti la rangi ya chungwa la kuwindia, ana njaa. Alikuta mezani boksi jipya la dukani, karatasi yake inang'aa, kitu ambacho hakijawahi kuingia katika nyumba ile. Aliligeuzageuza.

“Mama, hiki nini? Za baba ziko wapi?”

“Nimezivunja.”

“Zote? Zilikuwa mbovu?”

“Zilikuwa nzuri,” Arlys alisema. “Zote zilikuwa nzuri.”

Karna alimtazama akingoja maelezo. Arlys aliipua sufuria ya nyama, akampakulia, akaketi mbele yake.

“Alizijaza ba'mdogo wako,” alisema. “Kula kwanza, nitakwambia.”