Njuga Zilizofungwa Uzi

Mesafint alikuwa hoi. Miezi minane alikuwa amefua shaba mpaka mabega yakamkataa, na umri wa kupanda ngazi ulishampita zamani. Katika ofisi mpya ya kampuni moja ya bima, hapa Addis Ababa, alikuwa ametundika njuga za shaba, moja juu ya kila meza na moja mlangoni, kwa mfano wa tsenatsil wanazotikisa waimbaji kanisani. Jua la asubuhi likipenya kioo, zinamwaga nuru ukutani. Upepo wa feni ukizigusa, zinalia. Kazi za namna hii watu huzipiga picha siku ya uzinduzi, kisha wakazizoea kama dari. Mesafint alilijua hilo, na lilimchosha kuliko nyundo. Mara hii alitaka jambo moja tu: watu wainue vichwa.

Uzinduzi ulipangwa wakati wa Timkat, sikukuu ya Ubatizo, mwezi wa Januari. Mafundi wa jengo wakachelewa, kama ilivyo ada yao, na njuga zikaja kuanza kulia katikati ya Mfungo Mkuu, wakati ambao hata kanisani ngoma na tsenatsil hunyamazishwa hadi Pasaka. Yeye, mtoto wa mwimbaji wa kanisa, akasahau hilo! Lakini aliyechoka husahau hata jina lake, na Mesafint hakuwa amekanyaga kanisani tangu amzike baba yake.

Haikupita wiki meneja akampigia simu, akimwita Gashe kwa heshima ya umri. "Gashe Mesafint, ulituahidi sauti. Mbona kazi yako imekuwa bubu?"

Akaenda. Akakuta kila njuga imefungwa uzi wa pamba.

"Nani kafanya ushenzi huu?"

"Sisi," alijibu Hirut wa dawati la madai, macho kwenye kompyuta. "Gashe wangu, tangu jana tumbo halijaona kitu, halafu wewe unanipigia sherehe utosini?"

"Muongo huyo, anawaza kuku wa Pasaka tu!" alidakia jirani yake, na ofisi nzima ikacheka kicheko cha njaa.

Meneja hakucheka. Zilie leo hii, alisema, au zishushwe.

Mesafint akapanda ngazi na mkasi, magoti yakimlalamikia. Alipoushika uzi wa kwanza akaona fundo ni la kitanzi, kama la kamba ya kiatu: ukivuta mara moja, linafunguka. La pili vilevile. La tatu vilevile. Ndivyo baba yake alivyokuwa akiifunga tsenatsil yake kwa kitambaa mfungo ukiingia, akaiweka sandukuni, na yeye mtoto akimsumbua kila siku kuuliza itatoka lini. Akauacha uzi, akashuka.

"Siwezi kuzifungua," alimwambia meneja. "Ukitaka kuzishusha, zishushe."

"Unajua unachosema, Gashe?"

"Najua. Nimechoka mwili, si akili."

Meneja, ambaye naye alikuwa amefunga na midomo imemkauka, aliiegemeza ngazi ukutani. "Haya, hadi Pasaka. Zisipolia baada ya hapo, ngazi ni hii hapa."

Siku ya kwanza ya kazi baada ya Pasaka, Mesafint alisimama pembeni ya mlango, moyo ukimdunda kama wa mtoto. Wafanyakazi wakaingia wameshiba, wakipigana mabusu ya sikukuu. Hakuna aliyetoa amri. Mmoja akapanda kiti kando ya meza yake, akainua kichwa, akautafuta uzi wake, akavuta. Akafuata mwingine. Shaba ikaanza kulia kutoka kona moja, ikaenea ofisi nzima, na nuru ikatetemeka kuta zote. Mesafint akalia, wala hakujificha.

Ikabaki moja imefungwa, ile ya mlangoni, iliyoning'inia chini kuliko zote.

"Na hii?" aliuliza.

"Hiyo hatukumpa mtu," alisema Hirut. "Tulikufungia wewe. Vuta basi, Gashe, tuna kazi."

Akainua mkono, bega likakataa. Hirut akamshika kiwiko, akamwinulia mpaka vidole vikaufikia uzi.