Bwana wa Tai Alivyofika Sironga

Mwishoni mwa miaka ya sitini nilikuwa muuzaji wa sigara, nikizunguka Kisii na Nyamira kwa gari la kampuni. Nyuma nilibeba mabati ya matangazo ya aina mbili. La kwanza lilikuwa na bwana aliyevaa tai, sigara yenye kichungi mdomoni. Hilo lilipigiliwa mjini, karibu na ofisi na hoteli. La pili lilikuwa na mwanamume mwenye jembe begani, akivuta sigara kali ya bei nafuu. Hilo lilikuwa la vijijini. Msimamizi wangu alinikataza kabisa kuyachanganya. Alisema karani hawezi kutamani jembe, maana ndilo alilolikimbia. Kule Tabaka, wachonga mawe walimkagua huyo wa jembe wakaniuliza mbona hana hata vumbi.

Siku moja nilifika kijiji cha Sironga nimebakiwa na bati moja tu, la bwana wa tai. Mwenye duka pale alikuwa mama mmoja mjane, Msabato, aliyeuza sukari, chumvi na mafuta ya taa. Tumbaku hakuigusa. Aliligonga bati kwa kidole, akaligeuza, akasema ni zito, nilishushe. Nikamweleza kwamba bati huenda pamoja na sigara. Akanijibu kwamba sigara hakuomba. Nilikuwa nimechoka, na ripoti yangu ilidai kila bati lipate ukuta. Nikamwachia.

Baadaye msimamizi akaja kukagua. Nilijaribu kumpitisha njia nyingine, lakini alikuwa na orodha. Tulimkuta bwana wa tai ukutani kweli: ukuta wa banda la kuku, ameelekea barabarani, kinyesi kimemtiririkia hadi kwenye kola. Msimamizi aliomba pakiti moja.

"Sina," mama akasema kwa upole.

"Na lile tangazo?"

"Mwanangu, lile ni la kuku. Na wao pia hawavuti."

Nilitazama viatu vyangu nisije nikacheka. Msimamizi aliondoka na mayai kumi na mawili, kwa kuwa mama alishamfungia kabla mwenyewe hajapata kuyakataa.

Nilinyang'anywa gari, nikapelekwa soko la Daraja Mbili kuuza kwa miguu katikati ya ndizi. Huko hakuna aliyejali picha. Wachuuzi walinunua sigara moja moja, na bibi vizee walinionyesha vikopo vyao vya ugoro wakisema moshi ni mambo ya watoto. Nilikaa huko miaka minne, na sikuwahi kulikumbuka gari.