Mlio Nilioufukia kwa Unga wa Mbao

Umesema unatafuta gari, mtoto wa jirani. Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimewasha pikapu yangu mbele ya nyumba hapa Usagara, kichwa kimenivimba kama nimenunua meli. Walikuwa wameitumia watu watatu kabla yangu, lakini kwangu ilikuwa mpya. Mke wangu Mwanaidi, Mungu amrehemu, akatoka na kikombe cha chai, akasimama, akatega sikio.

"Bwana, mbona linalia?"

Nikamwambia hakuna kitu. Akasema, "Hebu kanyaga klachi." Nikakanyaga, mlio ukakoma. "Achia." Ukarudi, mwembamba kama wa mbu sikioni. Nikamcheka, Mungu anisamehe. Nikamwambia gia si sufuria.

Hata hivyo nikaenda kwa Mzee Mhina, fundi wa Kibondei mwenye gereji mtaa wa pili. Nilimpa shikamoo yake, naye hata boneti hakufungua. Akaniambia nikanyage klachi, niachie, vilevile kama Mwanaidi.

"Ukikanyaga likanyamaza, basi ugonjwa umo ndani ya giaboksi," akasema. "Beringi imekwisha. Niachie siku tatu nilishushe. Na usiende nalo mbali, kijana."

Siku tatu! Na Ijumaa ile nilikwisha kuahidi ukweni, Mkwaja, kwamba nakuja na gari langu mwenyewe. Mkwe aingie ukweni na gari linalolia, watu wasicheke? Nikamwendea dalali aliyeniuzia, akanifundisha ujanja wao: korogea unga wa mbao kwenye oili nzito, mimina ndani ya giaboksi. Wallahi, lilinyamaza ji!

Mwanaidi akaniuliza, "Umelitengeneza?"

"Limepona," nikamjibu. Nimesema maneno mengi ya kipuuzi maishani mwangu, lakini hilo ndilo ninalolijutia.

Alhamisi asubuhi ikaja simu kutoka Mkwaja. Mama yake Mwanaidi amezidiwa, anamwita bintiye. Mwanaidi akajitanda kanga awahi basi la Pangani. Nikamzuia. Basi la nini, na gari tunalo? Basi likaondoka, nami bado nimeshika tambara naosha magurudumu, ati nisifike ukweni na vumbi. Ujana, mwanangu, ujana una mambo.

Tulipofika Kigombe, chuma kikasaga chuma, gia zote zikagoma. Tukakaa kando ya barabara mpaka adhuhuri, ndipo lori la nazi likatuchukua. Pangani kivuko kilikuwa ng'ambo, tukakingoja nacho. Mwanaidi alikuwa anasokota tu ncha ya kanga yake.

Tunaingia Mkwaja, tukakuta wanaume wanatoka makaburini, mikono ina udongo. Walimngoja mpaka alasiri, na maiti haikai. Mwanaidi hakuuona uso wa mama yake.

Hakunifokea. Siku ya tatu ya matanga aliniambia neno moja tu: "Ungeniambia ni bovu, ningepanda basi."

Tukaishi miaka mingi baada ya hapo, tukapendana, tukazaa, wala hakulirudia tena. Laiti angelirudia hata mara moja, nikapata pa kumwomba radhi! Nilinyamaza naye akanyamaza, mpaka akamfuata mama yake. Siku hizi nikiendesha nazima redio. Kiti cha kushoto ni kitupu. Nina hamu ya sauti ile, mwanangu, inayoniuliza mbona linalia, hamu isiyo na dawa.

Basi shika haya. Ukinunua gari lililotumika, zima redio, usikilize. Mlio ukikoma unapokanyaga klachi, giaboksi linaumwa. Ukianza unapokanyaga, ni beringi ya klachi yenyewe. Vyote hivyo vina fundi. Kisichokuwa na fundi ni kumwambia anayekutegemea "limepona" na hali unajua halijapona. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi nilificha, na kilio kikampata Mwanaidi. Atakayekuambia kitu chako kinalia, awe mkeo, awe nani, mshukuru, kisha mwambie kweli, hata kama wakwe watacheka.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe sikio sikivu, na ulimi usioona haya kusema "ni bovu". Na siku mama yako atakapokuita, akufikishe angali anakuita.